UZI: Alaska Highway, barabara iliyojengwa juu ya barafu. Kwa nini lami haidumu na kwa nini ukarabati hauishi

#1 MwanaTrela (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita, kwenye uzi wa madereva walioko Kanada, mdau mmoja aliweka picha ya semi iliyotapakaa vumbi hadi kwenye vioo. Akauliza: nchi tajiri namna hii inashindwaje kutia lami barabara yake kuu ya kaskazini? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema uzembe, mwingine akasema hata wazungu wanakula hela za barabara. Nilisoma nikaumia, kwa sababu barabara ile ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Napeleka chakula kutoka Edmonton hadi Whitehorse, na mara chache kwa mwaka navuka mpaka hadi Fairbanks. Lami ilikuwepo. Iliwekwa, ikanyooka, ikapendeza, halafu ardhi ikaanza kuimeza. Nimeona nifungue uzi tulijadili jambo hili taratibu.

Kwanza njia yenyewe. Alaska Highway inaanzia Dawson Creek, jimbo la British Columbia, penye nguzo ya maili 0. Inapita Fort Nelson, Watson Lake, Whitehorse, Haines Junction na Beaver Creek, inaingia Alaska na kuishia Delta Junction. Jumla ni kama kilomita 2,230. Sehemu kubwa ni lami safi, unaweza kuweka kikombe cha chai kwenye dashibodi kisimwagike. Maumivu yako kwenye kilomita 200 hivi, kati ya Burwash Landing na mpaka wa Alaska. Ninayoyasema hapa yanahusu hasa kilomita hizo.

Barabara ilizaliwa kwa haraka ya vita. Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaona Alaska iko peke yake, haifikiki kwa gari. Machi 1942 jeshi la uhandisi likaanza kazi; askari zaidi ya 10,000, wengine wakitokea kusini, wengine kaskazini. Mwisho wa Oktoba mwaka huohuo njia ikaungana karibu na Beaver Creek, na tarehe 20 Novemba 1942 ikazinduliwa pale Soldier's Summit, juu ya Ziwa Kluane. Miezi 8! Gharama ilikuwa kama dola milioni 138 za wakati ule. Lakini njia iliyofunguliwa ilikuwa ya kupitisha malori ya jeshi tu. Aprili 1946 Kanada ikakabidhiwa kipande chake, na tangu siku hiyo kazi ya kuijenga upya haijasimama.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui: karibu theluthi moja ya askari wale walikuwa Wamarekani Weusi, vikosi vya 93, 95 na 97. Jeshi lilikuwa bado linabagua. Kuna majenerali ambao hawakutaka kabisa kuwaona Alaska. Kikosi cha 95 kilinyang'anywa mashine zake nzito zikapewa kikosi cha weupe, wao wakaachiwa mashoka na makoleo. Vijana waliozaliwa Mississippi na Georgia wakalala kwenye mahema katika baridi ambayo hawakuwahi kuisikia hata kwa hadithi. Na kwa vifaa hivyo hivyo duni, kikosi hicho kikajenga daraja la mbao la mto Sikanni Chief kwa muda usiofika siku 4, mto ambao wakubwa wao walidhani ungewachukua wiki nzima au zaidi. Siku njia ilipoungana Oktoba ile, aliyekutana na mwenzake uso kwa uso kutoka upande wa pili alikuwa Koplo Refines Sims wa kikosi cha 97, mtu mweusi. Mzungu aliyempa mkono alikuwa Alfred Jalufka wa kikosi cha 18. Daraja la mto Gerstle, upande wa Alaska, tangu 1993 linaitwa kwa heshima ya wanajeshi weusi. Kila ninapolipita napunguza mwendo.

Narudi kwenye ardhi, maana ndiko jibu liliko.

Chini ya misonobari ya kule kuna zulia la mimea mifupi, laini kama sponji. Ukikanyaga unazama hadi kwenye kifundo. Chini ya zulia kuna mboji, na chini ya mboji kuna udongo ulioganda. Wataalamu wanaita pamafrosti: ardhi ambayo haijapanda juu ya nyuzi 0 kwa angalau miaka 2 mfululizo. Kwa kweli nyingine haijayeyuka kwa maelfu ya miaka. Mahali pengine barafu imechanganyika na udongo kama zege. Mahali pengine ni bonge tupu la barafu, limelala humo humo. Ikiwa imeganda, ina nguvu kama mwamba, hata ukuta wa ghorofa ungesimama juu yake. Ikiyeyuka inabaki tope na shimo.

Kinachoilinda barafu ile ni lile zulia la juu. Mwaka 1942 wanajeshi hawakulijua hilo. Walifanya kama walivyofundishwa kwao: wakapitisha tingatinga, wakakwangua mimea na mboji ili wafikie ardhi ngumu. Wakaifikia. Kisha jua la Julai, ambalo kule linachelewa kuzama hadi usiku unakaribia kati, likaigeuza ardhi ngumu kuwa uji. Mashine zikazama. Ikabidi wabadilike: wakakata miti kwa mkono, wakaliacha zulia mahali pake, wakalaza magogo na matawi juu yake, kisha ndipo wakamwaga changarawe. Kila mhandisi wa kule hadi leo anakuimbia sheria hiyohiyo: usikwangue, jaza juu.

Nitaendelea jioni, natoka kupakia.

#2 Kichuguu

Endelea mkuu, tumekaa. Hiyo ya kikosi cha 95 sikuwahi kuisikia.

#3 Mama Tausi

Swali langu, mwana: kama barafu ni ngumu kama mwamba na kule ni baridi, inayeyukaje sasa? Si baridi ipo tu?

#4 MwanaTrela

Mama Tausi, shikamoo. Umeuliza swali lenyewe.

Karibu na Beaver Creek kuna mahali panaitwa Snag. Tarehe 3 Februari 1947 palipimwa nyuzi 63 chini ya sifuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa katika bara zima la Amerika Kaskazini ukiacha Greenland. Ungedhani mahali kama hapo barafu haiwezi kwenda popote. Lakini baridi ya hewani haiifikii barafu ya ardhini bila kupita kwenye kitu, na barabara yenyewe ndiyo inayoharibu njia hiyo.

Chukua tuta la barabara. Juu lina lami nyeusi, inanyonya jua kiangazi chote. Kando lina miteremko. Majira ya baridi upepo na greda la theluji vinasukuma theluji yote kwenye miteremko ile, inarundikana hadi kiuno. Na theluji, mama, ni blanketi. Ardhi iliyo chini yake inakaa na joto lake la kiangazi, baridi ya nyuzi 40 inapita juu bila kuigusa. Kwa hiyo katikati ya barabara panaganda vizuri, kando hapagandi. Mwaka hadi mwaka kando panaporomoka, na barabara inapasuka kwa urefu kama mkate uliokatwa ubavuni.

Ongeza maji. Mtaro ukiziba, maji yakasimama kando ya tuta, yanapeleka joto chini kuliko jua lenyewe. Na ongeza ukweli kwamba kule kaskazini hewa imepata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingi za dunia. Pamafrosti ya pale haina akiba kubwa ya ubaridi. Iko nyuzi chache tu chini ya 0. Haihitaji msukumo mkubwa.

Niwasimulie nilichokiona kwa macho yangu. Julai mwaka juzi tulisimamishwa kusini mwa Beaver Creek kusubiri gari la kuongoza msafara. Huko kwenye ujenzi hupiti ovyo. Anasimama mtu na kibao, mnasubiri hata nusu saa, halafu gari dogo linakuja linawaongoza kwenye tope na changarawe mbichi. Nilishuka kunyoosha miguu. Pembeni ya lami kulikuwa na ufa, unafuata barabara mbele hadi nikashindwa kuuona mwisho. Nilichuchumaa nikaingiza mkono. Uliingia hadi kwenye kifundo, na vidole vikakuta hewa ya baridi kama ya friji, wakati mgongoni jua linanichoma na mbu wananimaliza. Ng'ambo ya mtaro misonobari ilikuwa imelalia huku na huku, hakuna hata mmoja uliosimama wima, kwa sababu mizizi yake haina tena cha kushika. Yule dada mwenye kibao akaniambia ufa ule waliuziba mwezi Mei.

#5 Fundi Kalavati

Mleta uzi, mimi nimefanya kazi ya barabara miaka 19, nyingi Shinyanga na Simiyu. Unachokisema nakifahamu kwa sura nyingine. Sisi adui wetu ni udongo wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa za kumeza mguu. Ukijenga lami juu yake bila kuutoa au kuutibu, miaka miwili mitatu barabara imekuwa mawimbi. Na ufa wa kwanza daima unatokea begani, kando, kwa sababu kando ndipo unyevu unapoingia na kutoka. Tofauti ni kwamba sisi tunauchimba mbuga, tunaumwaga mbali, tunaleta moramu. Kwa nini wao wasichimbe barafu waiondoe yote wakajaza mawe?

#6 MwanaTrela

Fundi, heshima yako. Mfano wa mbuga ni sahihi kabisa, nitauiba.

Kuchimba wanachimba mahali pengine, barafu ikiwa ya juujuu. Lakini mbuga ina mwisho. Mita moja, mbili, unafika kwenye udongo mzuri. Barafu ya kule inaweza kushuka mita nyingi, na ukifungua shimo kiangazi, kuta za shimo nazo zinaanza kuyeyuka na kuporomoka huku umesimama. Unazidi kuchimba unazidi kulikuza tatizo. Na msimu wa kazi ni mfupi mno: kuanzia Mei mwishoni hadi Septemba, basi. Ndiyo maana wenzetu wa barabara ya Inuvik hadi Tuktoyaktuk, iliyofunguliwa Novemba 2017, kilomita kama 138, walifanya kinyume cha wote: walijenga majira ya baridi. Walitandaza kitambaa maalumu juu ya ardhi iliyoganda bila kuigusa, wakamwaga changarawe iliyoganda juu yake gizani. Hawakukata, walijaza tu. Na hawakutia lami.

Kosa la Alaska Highway, kama naruhusiwa kuliita kosa, ni la nia njema. Mwaka 1977 Marekani na Kanada zilikubaliana mradi wa Shakwak: Marekani inalipa, Kanada inasimamia, na barabara kutoka mpaka wa Alaska ulio karibu na Haines hadi Haines Junction, na kutoka hapo hadi mpaka mwingine wa Alaska kule Beaver Creek, inajengwa upya, kilomita kama 520. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini Mmarekani alipe barabara ya nchi ya watu: ndiyo njia kuu ya gari inayounganisha Alaska na majimbo mengine ya Marekani. Zaidi ya dola milioni 400 zilitumika kwa miaka mingi. Tuta likapanuliwa, likainuliwa, kona za kijeshi zikanyooshwa. Dereva wa lori alishangilia, mimi ningeshangilia. Ila ukiinyoosha kona, unatoka kwenye ardhi iliyokwishaumia na kuzoea barabara kwa miaka 40, unaingia kwenye ardhi mbichi, yenye barafu yake nzima. Na tuta pana zaidi lina miteremko mikubwa zaidi ya kukusanya theluji. Barabara mpya ikaanza kuzama kabla rangi ya mistari haijafifia.

Halafu fedha zikakatika. Sheria ya barabara ya Marekani ya 2012 iliiondoa Shakwak. Yukon, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye kipande hicho, ambayo ina watu kama 45,000 tu, wachache kuliko kata moja ya Dar, ikabaki na barabara ya kimataifa inayozama. Sheria ya miundombinu ya 2021 ikairudishia Alaska ruhusa ya kuchangia. Miaka 9 katikati, wakuu. Barafu haikusubiri bunge.

#7 Kichuguu

Kwa hiyo suluhisho ni lipi? Au ndiyo hivyo wanaviraka milele?

#8 MwanaTrela

Kuna watu wamelifanyia kazi suala hili kwa moyo, na nataka niwape haki yao.

Mwaka 2008, karibu na Beaver Creek, serikali ya Yukon na watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval wa Quebec walikata kipande cha barabara hii hii inayopita magari, wakakigawa vipande 12 vya majaribio. Kila kimoja kikapewa dawa yake, na ndani ya ardhi wakapandikiza vipimajoto. Nikipita pale huwa nasoma mabadiliko kwa matairi.

Dawa ya kwanza ni tuta la mawe makubwa matupu, bila mchanga wa kujaza nafasi. Majira ya baridi hewa baridi ni nzito, inashuka kati ya mawe. Hewa ya joto iliyomo inapanda na kutoka. Tuta linapumua. Kiangazi hewa ya baridi iliyobaki chini haina sababu ya kupanda, inatulia, joto halishuki. Yaani tuta linaruhusu baridi iingie na kulizuia joto, bila mashine yoyote. Fundi Kalavati, najua utaipenda hii.

Nyingine ni vibanda: mapaa ya mbao yanayofunika miteremko ya tuta, theluji ikae juu ya paa, hewa ya baridi ipite chini yake iguse ardhi. Wakajaribu pia kalavati zilizolazwa kwa urefu ndani ya tuta ili hewa ipite. Wakajaribu kuifanya barabara iwe na rangi nyeupe-nyeupe ili irudishe jua. Wakajaribu kuisafisha theluji miteremkoni kila mara, jambo ambalo ni rahisi kulisema, ila linataka greda na mtu kila inapoanguka.

Na ipo themosaifoni, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni bomba lililozibwa pande zote mbili, ndani lina gesi ya kaboni dioksidi kwa presha. Ncha moja imezikwa ardhini chini ya barabara, nyingine imesimama nje na mapezi ya chuma kama ya rejeta. Majira ya baridi gesi inapoa juu, inakuwa kimiminika, inachuruzika hadi chini. Chini inakutana na joto la ardhi, inachemka, inapanda tena ikiwa imebeba joto hilo, inalitupa hewani. Inazunguka hivyo usiku na mchana, haina pampu, haina umeme. Kiangazi likija, juu pana joto kuliko chini, mzunguko unakoma wenyewe. Kinyume na friji ya nyumbani, hii inafanya kazi tu wakati nje ni baridi, nayo inaweka akiba ya baridi kwa ajili ya Julai. Pale Dry Creek, karibu na kilomita 1,841, ambako kuna bonge kubwa la barafu chini ya barabara, wameyapanga mabomba hayo kando ya njia. Januari, gizani, taa za lori zikiyapiga, unaona msururu wa nguzo zenye barafu nyeupe kwenye mapezi. Nilipoelewa kazi yake kwa mara ya kwanza nilisimamisha lori kwenye kituo kilichofuata nikampigia mke wangu simu kumweleza, saa saba usiku.

Tatizo la dawa zote hizi ni bei. Huwezi kuzitandaza kilomita 200. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi mpya wa leo ni kujua barafu iko wapi hasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yukon walitoboa ardhi, wakapima kwa umeme na rada, wakachora ramani ya kilomita hizo moja baada ya nyingine: hapa changarawe kavu, jenga upendavyo, hapa bonge, usiguse bila themosaifoni, hapa imeshayeyuka yote, tuta limekwishatulia, tia lami. Ramani hiyo kwangu ni muhimu kuliko lami yenyewe.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Pale ambapo barafu bado inaondoka na fedha za themosaifoni hazipo, uamuzi sahihi ni KURUDISHA CHANGARAWE. Picha ya yule mdau yenye vumbi ilipigwa kwenye kipande kama hicho. Changarawe ikizama, greda linapita asubuhi, mchana njia iko sawa. Lami ikizama inabaki na mapengo na vidaraja ambavyo huvioni hadi uko juu yake na tani 40 nyuma yako. Kule wanaweka vibendera vidogo pembeni mwa barabara penye mawimbi. Ukikiona unakanyaga breki kwanza, maswali baadaye. Nimeona trela la mwenzangu likiruka kwenye wimbi la lami, chasi ikapinda. Sijaona likivunjika kwenye changarawe iliyotunzwa. Hata lami inayotumika huko kwa sehemu kubwa si ile nene ya moto: wananyunyizia lami ya maji, wanamwaga kokoto, wanashindilia, kwa sababu inazibika kwa urahisi ikipasuka. Vumbi wanalituliza kwa chumvi ya kalsiamu, inakula vyuma vya gari lakini unaona mbele.

#9 Dada wa Whitehorse

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi niko Whitehorse mwaka wa 6, natunza wazee. Naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza, barabara hii kwetu ni ghala. Wenyeji hawajasahau Juni 2012. Mvua ilinyesha huku theluji ya milimani ikiyeyuka, barabara ikasombwa sehemu kadhaa upande wa Watson Lake, na kwa siku chache tu rafu za maduka zikawa tupu. Ikabidi chakula kiletwe kwa ndege.

La pili, tunaposema kuhusu wajenzi tukumbuke walioikuta ardhi. Wazee wa Teslin, kijiji cha wenyeji wa asili kilicho kando ya barabara hii, wanasimulia jinsi jeshi lilivyoleta surua, kifaduro na kuhara damu mwaka 1942 na 1943, kijiji kikazika watu mfululizo. Kule Kluane, hifadhi ilipotangazwa baada ya barabara, wenyeji wakakatazwa kuwinda kwenye ardhi ya babu zao. Nawatunza watu ambao wazazi wao waliwaonyesha wanajeshi njia ya kupita. Ndiyo maana nafurahi kwamba mradi wa daraja jipya la ghuba ya Nisutlin pale Teslin ulianza kwa makubaliano na Baraza la Watlingit wa Teslin, wenyeji wa pale. La zamani lilijengwa 1953, mita 584, lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya maji kwenye njia hii. Jipya lina njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu watu wa kijiji waliitaka. La zamani ulipolivuka kwa miguu lori lilikupita mkononi.

#10 MwanaTrela

Dada, umenigusa. Juni ile ya 2012 nilikuwa Watson Lake na shehena ya maziwa na viazi. Tulisimama malori mengi sana, friji za trela zinanguruma usiku kucha, dizeli inaisha. Maziwa niliyamwaga. Tangu siku hiyo nikiona mtaro umeziba napiga simu kuwaambia wa matengenezo.

Na hilo la madaraja lina uzito. Daraja la kwanza la mto Peace pale Taylor, la kuning'inia, lilijengwa 1943 kwenye mwamba dhaifu, likaanguka Oktoba 1957. Lililopo sasa ni la 1960, sakafu yake ni wavu wa chuma, unaona mto chini ya matairi. Upande wa Alaska, la Gerstle nililolitaja na la mto Johnson ni ya mwaka 1944 yalipojengwa. Yalijengwa kwa malori ya wakati ule. Siyo ardhi pekee iliyochoka.

#11 Mama Tausi

Mwanangu, hiyo hali ya hewa inaonekana kwa macho ukiwa njiani, au ni ya kwenye vipimo tu?

#12 MwanaTrela

Inaonekana, mama. Kusini mwa Ziwa Kluane barabara inavuka mto A'ay Chu, ambao zamani uliitwa Slims. Ulikuwa unalishwa na barafu ya mlimani ya Kaskawulsh. Mwaka 2016 barafu hiyo ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba maji yake yalipata njia nyingine, yakageukia mto wa upande wa pili. Yaliyokuwa yanaenda Bahari ya Bering yakaanza kwenda Pasifiki. Mto ukabaki kijito, ziwa likashuka, wavuvi wakakuta sehemu zao za kushushia mitumbwi ziko mbali na maji. Siku ya upepo sasa tope lile lililokauka linanyanyuka, unavuka daraja ukiwa umewasha taa saa nane mchana. Niliupita ukiwa mto, na sasa naupita ukiwa vumbi, kwa lori lilelile.

#13 Fundi Kalavati

Mkuu, hilo tuta la mawe linalopumua limeninyima usingizi. Ukubwa wa mawe ukoje? Na wanazuiaje mchanga wa juu usishuke ukaziba nafasi?

#14 MwanaTrela

Kwa macho, mengi ni ya kutosha kushika kwa mikono miwili, mengine makubwa zaidi. Juu yake wanatandaza kitambaa ndipo wanaweka changarawe laini ya barabara, bila hicho mchanga ungeingia na tuta lingekufa pumzi. Kando ya miteremko wanaacha mawe wazi.

Jumatatu napakia Edmonton. Mzigo ni wa Fairbanks, kwa hiyo nitapita Dry Creek kama Alhamisi mchana. Nitaomba wale wa kibao wanisogeze pembeni, nipige picha ya mabomba na ya tuta kwa ubavu, na nitaweka kiatu changu kando ya jiwe upate kipimo. Intaneti iko Beaver Creek, nitaziweka hapa usiku huo.